Inalia au Anaimba?

Ukitaka kumsimulia kijana wa Huruma, Nairobi, habari za Hatsune Miku, utakwama kwenye kiambishi kabla hujafika kwenye habari yenyewe. Anaimba? Kinaimba? Inaimba? Kitenzi cha Kiswahili hakitamkiki mpaka useme kinamhusu nani au nini, na mwanafunzi wa shule ya msingi anajua kwamba ngeli ya A-WA ni ya viumbe wenye uhai. Miku hana uhai. Wala hajawahi kuwa nao, tofauti na marehemu. Na tazama jinsi "hana" na "hajawahi" zilivyopita hapo bila yeyote kuzisimamisha.

Miku ni sauti ya kununuliwa. Kampuni ya Crypton Future Media ya mjini Sapporo, Japani, ilimtoa tarehe 31 Agosti 2007 akiwa programu ndani ya boksi. Mwigizaji Saki Fujita alirekodiwa akitamka silabi kwa mfululizo, vipande vikapangwa katika hazina ya sauti, na anayenunua huandika noti na maneno, kisha kompyuta inazishona silabi juu ya noti mpaka ziwe wimbo. Ufundi wenyewe unaitwa Vocaloid. Ni wa Yamaha, walioanza kuufanyia utafiti mwaka 2000 pamoja na Chuo Kikuu cha Pompeu Fabra cha Barcelona, na sauti za kwanza kuuzwa, Leon na Lola, zilifika madukani 2004 zikiimba Kiingereza. Miku alipokuja aliongezewa umbo: msichana wa miaka 16, nywele ndefu za rangi ya feruzi, na nguo ambazo rangi na vitufe vyake vimeigwa kutoka sinthesaiza za Yamaha, hasa DX7 ya mwaka 1983. Kwa maneno mengine, amevalishwa kinanda.

Mtu angetegemea kichezeo cha namna hiyo kiimbe nyimbo za kuchekesha tu. Zimo. Lakini nyimbo ambazo mashabiki wake hawaziachi ni za majonzi. Mtunzi anayejiita cosMo alitunga wimbo kuhusu kutoweka kwa Miku mwenyewe: programu inajua iko karibu kufutwa, inataka kuaga, na maneno yanamiminika kwa kasi ambayo hakuna mapafu ya binadamu yangeimudu. Mwaka 2008 ukatoka "Kokoro", wa sauti nyingine ya Crypton, Kagamine Rin, unaosimulia roboti aliyeundwa na mwanasayansi mpweke akapewa kila kitu isipokuwa moyo. Mwaka 2010 mtunzi wowaka akatoa "Rolling Girl", wimbo wa msichana anayeanguka na kujaribu tena mpaka msikilizaji aanze kumwombea apumzike. Wowaka alifariki Aprili 2019 akiwa na miaka 31. Sauti aliyoitumia haikupungukiwa na kitu, na yeyote mwenye programu anaweza kuitumia leo jioni.

Kwa nini sauti isiyo na pumzi ifae kwa huzuni? Nadhani kwa sababu haiigizi. Mwimbaji wa kawaida akifika kwenye neno zito hutetemesha koo, huvuta pumzi, hukupa ishara kwamba sasa ni wakati wa kusikitika. Sauti hii inapita juu ya neno zito na neno jepesi kwa uso uleule, na kazi ya kusikitika inabaki kwa msikilizaji. Sitaki kuifanya hoja hii kuwa kanuni. Zipo nyimbo nyingi za Vocaloid ambazo ni kelele tupu.

Kuhusu kiambishi, wazee walikuwa na jibu kabla ya swali. Kwa Kiswahili ala haiimbi, inalia. Ngoma inalia, zumari inalia, kinanda kinalia, kengele ya kanisa inalia, simu inalia mfukoni. Mtoto naye analia, na mjane analia. Kitenzi ni kilekile na hakuna anayetatizika, kwa sababu kinachotangazwa ni kwamba sauti imetoka. Kama kuna machozi nyuma yake, msikilizaji ataamua. Neno kinanda lenyewe limesafiri sana chini ya kitenzi hicho. Lilikuwa la ala ya nyuzi, likahamia kwenye piano na ogani za makanisani, likafika hata kwenye gramafoni, iliyoitwa kinanda cha santuri. Kila mashine mpya ya sauti iliyoshushwa pwani ilikaribishwa kwa namna hiyo, na haikuombwa cheti cha uhai.

Sasa kigeuze kitenzi hicho kuwa kuliza. Mpiga zumari anailiza zumari. Wimbo mzuri unamliza mtu. Nenda Huruma, ambako wimbo wowote, hata usio na ngoma ndani yake, unaitwa ngoma, utamsikia kijana akisema kwamba ngoma fulani inamliza. Mtu anailiza mashine na mashine inamliza mtu, kwa kitenzi kimoja, bila kuhitaji kikao cha wataalamu. Ndiyo maana nasema Miku, kwa Kiswahili safi, analiwa... hapana, hilo ni neno jingine kabisa na maana yake si nzuri. Analizwa. Herufi moja inatenganisha msiba na mlo.

Vikao vya wataalamu vina heshima yake. Sheikh Ahmed Nabhany wa Lamu, aliyefariki 2017, alituachia runinga na tarakilishi, na shule za Kenya zimeyashika maneno hayo vizuri kuliko mitaa ilivyoyashika. Rununu, neno la zamani la uvumi, lilipewa kazi ya simu ya mkononi, na hadi leo nalipenda kwa sababu simu za Nairobi kwa kweli ni viwanda vya uvumi. Kwa sauti ya kuundwa, wasomi wangetupatia sauti sanisi, kutoka shina lile lililozaa usanisinuru wa majani. Ni istilahi safi ya maabara. Siwezi kuiweka kwenye bango la tamasha.

Nyingine inayotolewa haraka ni sauti bandia, nayo Kenya ya leo imeiharibu. Bandia ni noti, ni dawa, ni mbolea ile iliyowaunguza wakulima mwaka 2024. Ukisema sauti bandia umeshamshtaki mtu kwa ulaghai. Hata hivyo bandia ina maana nyingine ambayo magazeti yameisahau: mtoto wa bandia ni mwanasesere. Msichana anayembeba mgongoni hajatapeliwa na yeyote. Anajua ni matambara, na akipasuka atalia kwelikweli. Laiti maana hiyo ingekuwa bado na nguvu, ningeichukua bila kufikiri mara mbili. Lakini istilahi hubeba matumizi yake ya jana, na ya jana ni mbolea.

Nimeitaja Huruma mara kadhaa, tuingie. Ni mtaa wa maghorofa yaliyobanana katika eneo la Mathare, Kariobangi upande mmoja, Kiamaiko ya nyama ya mbuzi upande mwingine, na Juja Road ikipitisha matatu zenye spika kubwa kuliko injini. Eastlands kwa jumla inasifika kwa muziki wa kuchangamka: genge iliyotoka kwa prodyuza Clemo na Calif Records, kisha gengetone iliyolipuka 2018 pale kundi la Ethic lilipotoa "Lamba Lolo". Studio nyingi za mitaa hii ni chumba kimoja cha kukodi, trei za mayai zimebandikwa ukutani, soksi imevishwa maikrofoni, na kazi yote inasimama stima zikipotea. Ndani ya chumba hicho sauti ya mashine si ngeni hata kidogo. Auto-Tune iko pale tangu zamani. Iliundwa na Andy Hildebrand, mhandisi aliyekuwa akisoma mawimbi ya mtetemo wa ardhi kutafuta mafuta, ikaanza kuuzwa 1997, na dunia ikaitambua mwaka uliofuata Cher alipotoa "Believe".

Watu wengi huichanganya Auto-Tune na Vocaloid, na hapa istilahi ni muhimu kuliko inavyoonekana. Auto-Tune humchukua mtu aliyeimba na kumnyoosha. Vocaloid haina mtu aliyeimba wimbo huo. Kwenye Auto-Tune koo lilikuwepo chumbani, lilikohoa, liliomba maji, likarudia ubeti. Prodyuza wa Huruma anapokwambia sauti "imenyooshwa", amelitaja jambo hilo kwa usahihi kuliko vijitabu vya kampuni. Kunyoosha ni kazi ya aliye na kitu kilichopinda mbele yake. Kwa hiyo Auto-Tune inanyoosha na Vocaloid inalizwa, na wala msamiati mpya haujahitajika mpaka hapa.

Tena mtaa una rekodi nzuri ya kutunga istilahi kutokana na sauti ya mashine. Ukipiga simu iliyozimwa, sauti ya mwanamke iliyorekodiwa hukueleza kwamba mteja wa nambari hiyo hapatikani. Watu walilisikia neno la kwanza mara nyingi mno mpaka likageuka. Leo Nairobi kuwa mteja ni kutopatikana. Simu yake ni mteja. Amekuwa mteja tangu Jumatatu. Neno la dukani, la mtu anayekaribishwa na kubembelezwa, limekuwa jina la mtu asiyeshika simu. Hakuna baraza lililolipitisha. Na kuna nyumba Huruma ambako binti alikwenda Ghuba kufanya kazi za ndani, na mamake anaogopa neno mteja kuliko matusi yote ya Juja Road. Hapo ndipo mashine na majonzi vilipokutana kwa mara ya kwanza katika Kiswahili cha Nairobi, miaka mingi kabla ya mtu yeyote mtaani kusikia jina la Miku.

Upande wa huzuni yenyewe, Kiswahili ni tajiri hadi kinachosha. Huzuni, simanzi, majonzi, jitimai, ukiwa, na mwanafunzi wa shule ya upili anayejiandaa kwa karatasi ya fasihi atakuongezea mbolezi, wimbo wa kuomboleza. Mtu angeweza kuziita nyimbo za Miku mbolezi. Nakataa. Mbolezi ina marehemu na ina wenye msiba. Tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa ikinyesha, jengo la ghorofa liliporomoka Huruma na kuua watu takriban 50. Mbolezi ya watu hao ina majina ndani yake, ina mji wa kila mmoja alikopelekwa kuzikwa, ina shangazi anayejua aimbe nini na wakati gani. Huwezi kuliazima neno hilo ukalivisha wimbo wa roboti aliyekosa moyo. Mtaa wenye jina la Huruma umelilipia neno hilo tayari.

Neno ninaloliona linafaa ni la kawaida kabisa: uchungu. Shubiri ni chungu, na hapo maana inakomea ulimini. Lakini mtu akisema ana uchungu na mwanawe, hasemi kwamba mtoto ni mchungu. Anasema ni wake, anampenda, na akiguswa ataumia yeye. Mwenye uchungu na nchi ni mzalendo. Uchungu wa kuzaa ni uchungu, na mwisho wake ni vifijo. Kwa hiyo tukitafuta namna ya kutaja wimbo unaouma na kupendeza kwa wakati mmoja, hatuna haja ya kuunganisha tamu na chungu kwa kistari. Wimbo wa uchungu unatosha, kwa sababu mapenzi yamo ndani ya neno tangu mwanzo.

Hapo ndipo swali la kiambishi linaporudi likiwa na makali. Uchungu una mwenyewe. Nani ana uchungu katika wimbo wa Vocaloid? Mashine inalia, sawa. Saki Fujita alitamka silabi tu na hakujua zitaungwa kuwa nini. Mwenye uchungu ni yule aliyekaa usiku na kuandika noti, na huyo ndiye ambaye Kiswahili hakijampa jina. Wajapani humwita P, herufi moja ya prodyuza, wakaibandika mwisho wa jina lake la usanii. Kwetu mtayarishaji wa muziki ni neno la redioni, na mtayarishaji anaweza kuwa wa chai pia. Ninampendekeza mwimbishaji. Neno lipo, kwaya zinalijua: mwimbishaji ni anayeanzisha, anayewatoa wengine sauti. Halina ushamba wowote, na lina sifa ambayo sanisi na bandia hazina, yaani linamtaja mtu. Miku analizwa, mwimbishaji anaimbisha, na sisi tunalia. Kila mmoja ana kitenzi chake.

Jina hilo litatufaa zaidi kwa jambo linalokuja. Mnamo 2019 shirika la utangazaji la NHK la Japani liliitumia teknolojia ya Yamaha kuitengeneza upya sauti ya Misora Hibari, mwimbaji mkubwa aliyefariki 1989, ikaimba wimbo mpya uitwao "Arekara", na mwisho wa mwaka huo ukasikika katika tamasha lao kubwa la mkesha. Watazamaji wengine walilia kwa mapenzi. Wengine walisema ni kuwavunjia wafu heshima. Kiswahili kina mgogoro wake mdogo hapa, tena wa siku nyingi: utasikia maiti amezikwa, utasikia pia maiti imezikwa, na walimu wawili wa shule moja wanaweza kununiana juu ya hilo. Lugha haijakubaliana mtu hutoka lini kwenye A-WA.

Sauti za waliokufa si ngeni kwetu. Mwimbaji Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, akafariki 1950, na santuri zake bado zinalia. Lakini santuri inarudia kile alichokitaka yeye. Aliyaona maneno, akayakubali, akafungua kinywa. Kilichofanywa kwa Misora Hibari ni kitu kingine, na kitenzi chake ni kumwimbisha marehemu. Siku mtu atakapoichukua sauti ya rapa E-Sir, aliyetutoka Machi 2003 akiwa na miaka 21, na kutoa ngoma mpya, matangazo yatasema E-Sir amerudi. Sitakubali. Hajarudi, ameimbishwa, na kauli ya kutendwa inatupa haki ya kuuliza: na nani, kwa idhini ya nani, pesa zinakwenda wapi? "Amerudi" haliulizi lolote.

Haya hayatabaki mambo ya Japani peke yake kwa muda mrefu. Vocaloid imewahi kutolewa kwa Kijapani, Kiingereza, Kikorea, Kihispania na Kichina, na Kiswahili hakimo. Lakini tangu 2008 ipo programu ya UTAU, iliyotungwa na Mjapani ajiitaye Ameya, isiyolipiwa, nayo inamruhusu mtu yeyote kurekodi silabi zake mwenyewe na kuzifanya hazina ya sauti. Kiswahili kingekaa humo kwa raha. Irabu zetu ni tano, zao ni tano. Silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, zao vilevile. Ukijaribu kuazima sauti ya Kijapani utafika karibu sana, na hapo karibu ndipo kuna kichekesho. Kijapani hakitofautishi l na r, kwa hiyo "lala" itatoka "rara", na Nairobi nzima itaangua kicheko na kuuliza Miku ametokea kaunti gani. Sauti yao ya "hu" iko karibu na "fu". Mtaa wetu utaitwa Furuma. Mbolezi itakuwa "muborezi", maana neno lao halianzi kwa mb.

Basi ombi langu ni kwa kijana mwenye trei za mayai ukutani na kompyuta isiyozima ovyo. Rekodi silabi za Kiswahili kwa koo la mtu wa hapa, mwenye kukubali kwa maandishi. Anza na mb, nd, nj, ng na ng', kisha dh, th, gh na l, kwa sababu nyingi kati ya hizo hutazipata kwa kuazima. Kwenye faili la maelezo andika majina mawili, la mwenye koo na la mwimbishaji, kila moja kwenye mstari wake.